Zimwi Husema Kiswahili: Siku Sita Kutoka Kampala Hadi Arua

Siku ya kwanza, Jumatatu. Kampala

Nimecheza askari mara nyingi kuliko nilivyocheza binadamu. Askari wa kizuizi cha barabarani, askari wa gereza, mlinzi wa tajiri mla rushwa, jambazi wa usiku. Tofauti ya hao wote ni kofia tu. Wenzangu jukwaani wanazungumza Kiluganda kitamu chenye methali na mafumbo, halafu naingia mimi, mweusi tii, kilo tisini na nane, nafoka kwa Kiswahili: "Toa kitambulisho! Kaa chini!" Ukumbi mzima unaangua kicheko, nami nalipwa changu.

Mimi ni Mnubi wa Bombo, mzao wa askari wa Kisudani walioletwa Uganda enzi za ukoloni. Kiswahili nilikisikia nyumbani sambamba na Kinubi, kwa bibi yangu aliyekuwa akikaanga gurusa huku akitusimulia hadithi za mazimwi. Kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya kubembelezea watoto. Nilipoanza kazi ya uigizaji Kampala ndipo nilipogundua kwamba watu wengine walikisikia mara ya kwanza kutoka kwa mtu aliyeshika bunduki.

Safari hii ni yetu wenyewe, watu watano na gari moja la kukodi. Tunacheza vipande vya mchezo wa Shakespeare ambao Samuel Mushi wa Tanzania aliutafsiri kwa jina la *Tufani*. Prospero, mchawi aliyetwaa kisiwa, ni dada mmoja Mtooro mwenye sauti ya kengele ya shule. Ariel, pepo mtumishi, ni kijana Muganda mwembamba kama mpini wa jembe. Wa nne ni mpiga ngoma, wa tano dereva. Caliban, mtumwa mwenye kisiwa chake, ni nani? Hata haikupigwa kura. Prospero na Ariel watasema Kiingereza na Kiluganda, na tutakakofika wataongeza maneno ya wenyeji. Caliban atasema Kiswahili. Ndivyo tulivyozoea.

Tulikutana saa kumi na mbili asubuhi mbele ya Ukumbi wa Taifa, ule wenye ukuta wa zege uliotobolewa matundu matundu, uliofunguliwa mwaka 1959. Mwaka 1977 mkurugenzi wake wa sanaa, Byron Kawadwa, alichukuliwa hapa na watu wa serikali ya Idi Amin, akauawa. Alikuwa amerudi karibuni kutoka tamasha la FESTAC mjini Lagos, alikopeleka mchezo wake *Oluyimba lwa Wankoko*, yaani Wimbo wa Jogoo. Wasanii wakipita hapa hunyamaza kidogo. Mimi hunyamaza zaidi kidogo. Sijawahi kumuuliza mtu yeyote kama waliomchukua walisema naye kwa lugha gani. Nahisi najua.

Garini, foleni ya Busega ikiwa imetubana, nilisoma upya maneno yangu. *Tufani* ulichezwa mbele ya mfalme wa Uingereza mwaka 1611, na ulipochapishwa mwaka 1623 orodha ya wahusika ilimtaja Caliban kuwa mtumwa mshenzi mwenye kilema. Kilema gani, mchezo hausemi waziwazi. Mmoja anamwona samaki, mwingine kobe. Yule mchekeshaji Trinculo anapomkuta amelala, jambo la kwanza linalomjia kichwani ni biashara: angempeleka Uingereza amwonyeshe kwa kiingilio, maana watu wa kule hawampi kiwete senti moja, lakini watatoa kumi kumtazama Mhindi Mwekundu aliyekufa. Sijui kwa nini huwa nacheka peke yangu nikifika hapo. Kiingilio chetu Kampala ni kikubwa zaidi.

Siku ya pili, Jumanne. Ttanda

Kwenye barabara ya Mityana kuna njia ya vumbi inayokwenda Ttanda, kwenye mashimo ya Walumbe. Si mapango ya kutisha. Ni mashimo marefu yanayozama ardhini katikati ya msitu, mengine yamefunikwa na majani kiasi kwamba usipotazama miguu yako utajikuta umo. Mengine yamejengewa vibanda vya ibada. Moshi wa kuni, vitambaa vya magome ya mti, vikapu vya buni. Tukavua viatu.

Mzee aliyetupokea aliwasalimia wenzangu kwa zile salamu ndefu za Kiganda, ssebo na nnyabo, za kuulizana habari ya usiku. Mimi akanipigia saluti. "Afande," akasema.

Nilikuwa nimevaa fulana ya Arsenal.

Kisa chenyewe kila mtoto wa shule anakijua. Kintu anamwoa Nambi, binti wa Ggulu aliye mbinguni. Baba mkwe anawaonya: ondokeni alfajiri, msigeuke nyuma, maana kaka yake Nambi, Walumbe, akijua atawafuata. Njiani Nambi anakumbuka kwamba amesahau ulezi wa kulisha kuku wake. Anarudi. Walumbe anamwona, naye ndiye Kifo. Anawafuata duniani, anaomba apewe mtoto mmoja wa dada yake awe anampikia. Kintu anamnyima, na watoto wanaanza kufa. Ggulu anamtuma kaka mwingine, Kayikuuzi, amkamate. Watu wote wanaagizwa wajifungie ndani wala wasipige kelele. Kayikuuzi anachimba huku, Walumbe anazamia kule. Mwishowe watoto waliokuwa machungani wanamwona akichomoza, wanapiga yowe, naye anarudi chini moja kwa moja. Mashimo tuliyoyaona ndiyo alama ya ufukuzaji huo.

Tulikaa pembeni ya shimo kubwa tukabishana. Ariel alisema Walumbe ni mgeni mbaya, basi, kisa kimekwisha. Dada Prospero akamwuliza, mgeni wa nani? Ni shemeji huyo! Aliomba kitu ambacho shemeji yeyote wa Buganda angeomba bila haya, mtoto wa kumsaidia nyumbani, akafukuzwa kama mbwa. Mimi niliyeolewa na kesi za mashemeji maisha yangu yote nikaona hoja ina mashiko.

Kilichonishangaza zaidi ni pale anapoishia. Hauawi, wala harudishwi kwao. Anapewa chini ya ardhi, na juu yake watu wanawasha moto na kumpelekea zawadi. Nimeliona jambo hilo mahali pengine pamoja tu, kwenye mchezo wa Mgiriki Aeschylus uliochezwa Athens mwaka 458 kabla ya Kristo. Kuna mazimwi ya kike yanayonusa damu, yanamwinda kijana aliyemuua mama yake. Baada ya hukumu yanafoka kwamba yataiangamiza nchi. Mungu wa kike Athena hayapigi. Anayabembeleza, anayaahidi makao na heshima, kisha watu wa mji wanayasindikiza kwa mienge mpaka kwenye makazi yao, chini ya ardhi. Wagiriki na Waganda hawakupata kukaa kikao, lakini kuhusu mahali pa kumweka mtu wa namna hiyo walikubaliana.

Jioni tulicheza kwenye senta jirani, chini ya mwembe. Niliingia nikafoka "Kaa chini!" na kicheko kikanipokea kama kawaida. Mtoto mmoja alinifuata mpaka kwenye gari akinipigia saluti.

Siku ya tatu, Jumatano. Masindi

Tairi lilipasuka mbele ya Kiboga. Spea ilikuwa na upara kuliko ile iliyopasuka. Saa tatu nzima kando ya barabara, tukila gonja, zile ndizi za kuchoma, dereva akilaani aliyetukodishia gari (simtaji, tutamhitaji tena).

Katika kungoja, Ariel alianza kuhadithia filamu ya Frankenstein: lile dude lenye misumari shingoni linaloguna. Nikamwambia kuguna kwenyewe kulianzia jukwaani. Kitabu cha Mary Shelley kilitoka mwaka 1818, na humo kiumbe yule anasema kwa ufasaha kumshinda aliyemuumba. Anajifunza lugha kwa kuchungulia familia moja maskini kupitia ufa wa ukuta. Mwaka 1823 kikatengenezwa mchezo London. Mwigizaji T. P. Cooke akapakwa rangi ya samawati na kunyang'anywa maneno yote. Hata kwenye tangazo la wahusika, mahali pa jina lake palikuwa na vistari tu. Shelley mwenyewe alikwenda kuutazama, na vile vistari vilimfurahisha. Mimi havinifurahishi. Mtu amejifunza lugha kwa shida yote ile, halafu mnampandisha jukwaani aje kuguna?

"Wewe angalau wanakuachia Kiswahili," Ariel akasema. Hakuwa na ubaya wowote.

Dada Prospero ndiye aliyekumbuka kwamba mwaka 2011 ukumbi wa taifa wa London uliwapa waigizaji wawili mchezo huohuo wabadilishane: leo huyu daktari na yule kiumbe, kesho kinyume chake. "Nasi tujaribu kabla ya kurudi," akasema. Nikamjibu tutaona. Kusema kweli niliingiwa na hofu. Uaskari naujua. Umwinyi wa Prospero ningeupatia wapi?

Masindi tulifika jua likizama. Maduka ya zamani ya Wahindi bado yamesimama barabarani, na veranda zake za nguzo. Wenyewe walipewa siku 90 mwaka 1972 kuondoka nchini, wakiwa wamekwisha kusemwa jukwaa zima kwamba wanamkamua ng'ombe wasimlishe. Nikiyaona maduka hayo humkumbuka Shylock, Myahudi mkopesha fedha anayedai ratili ya nyama ya mwili. Nyerere alipoutafsiri mchezo ule, mwaka 1969, hakuuita *Mfanyabiashara wa Venisi*. Aliuita *Mabepari wa Venisi*, kwa wingi, na kwa herufi chache akawaingiza Wakristo wa mji ule kwenye gunia moja na yule mgeni wao. Sijaona tafsiri nyingine iliyotoa hukumu kwenye jalada.

Huku Bunyoro mgeni aliwahi kuwa mfalme. Isingoma Mpuga Rukidi, wa kwanza wa ukoo wa Babiito, alitoka upande wa pili wa Nile, na simulizi zinasema mwili wake ulikuwa na rangi mbili, upande mmoja mweupe na upande mmoja mweusi. Jina Mpuga ndilo linalosema hivyo. Kwa heshima yake nilijipaka majivu nusu ya mwili. Wazee wawili walikitambua kile nilichokusudia, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Wengine waliona askari aliyeangukia jivu.

Siku ya nne, Alhamisi. Gulu

Karuma nyani walikuwa wamekaa kando ya lami kama abiria waliokosa basi. Daraja, maji meupe chini, kisha Acholi.

Asubuhi tulicheza shuleni. Watoto wa Gulu wana zimwi lao, Obibi, mla watu wa kwenye hadithi za jioni, naye tayari anajulikana anavyopaswa kuchezwa: mjinga mwenye tumbo kubwa, anayeshindwa na mtoto mwerevu. Wakanifundisha mwendo wake. Nilifurahi kuliko siku zote za safari. Obibi hana kitambulisho cha kudai.

Jioni tulicheza uwanja wa karibu na soko. Watu mia moja hivi, wengi watu wazima, akina mama wenye mabeseni yao, waendesha boda wamekaa juu ya pikipiki. Niliingia kutoka nyuma ya watazamaji, gizani, kama tulivyopanga. Nikafoka:

"Kaa chini!"

Hakuna aliyecheka. Nyuma kabisa, wanaume wawili wenye umri wangu walikaa chini. Si kwa mchezo. Walikaa upesi, wakipiga magoti kwanza, mikono ikiwa imeshaanza kupanda juu, kisha wakatazamana, wakainuka wakijifuta vumbi.

Miaka ishirini ya vita ilipita hapa. Waasi, jeshi, kambi za wakimbizi, vizuizi. Nilijua. Nilisoma, nilisikia redioni, nilikuwa na jamaa waliokuja huku wakiwa wamevaa sare. Na bado nilisimama pale na kichekesho changu cha Kampala mkononi.

Katika *Tufani* Caliban anawaambia waliomtawala: mlinifundisha lugha, na faida niliyoipata ni kujua kutukana. Ndipo nilipokuwa nimefika kwenye maandishi, na sauti ikakataa kutoka. Nikaruka kurasa mbili. Nikaenda kwenye yale maneno ambayo Shakespeare hakumpa Prospero wala wapenzi wawili wa mchezo ule, alimpa zimwi: msiogope, kisiwa hiki kimejaa sauti, na vinanda, na hewa tamu inayoburudisha isiyodhuru, na pengine nikiamka husikia sauti zinazonilaza tena, nikaota mawingu yamefunguka, hata nikizinduka nalia ili niote tena. Niliyasema polepole, kwa Kiswahili cha bibi yangu. Mpiga ngoma aliacha ngoma.

Baadaye mama mmoja muuza odii, siagi ya ufuta na karanga, alinijia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, lakini kilitosha.

"Baba, wewe jeshi?"

"Hapana mama. Mimi ni mtu wa michezo."

Akanitazama. "Ile ya kwanza usirudie. Ile ya kulala, hiyo nzuri." Akanipa kikopo cha odii, akakataa pesa.

Siku ya tano, Ijumaa. Gulu

Mvua. Nilikwenda msikitini, nikarudi, nikalala. Alasiri nilirekebisha barakoa ya Caliban tuliyoishona kwa lubugo, lile gome la mutuba. Wajapani, katika tamthilia yao ya Noh, wana barakoa iitwayo hannya, ya mwanamke ambaye wivu umemwotesha pembe mbili. Ikitazama mbele inaonekana ina hasira; ukiiinamisha inaonekana inalia. Barakoa ni ileile, shingo tu ndiyo inayofanya kazi. Nimeijaribu yetu mbele ya kioo cha hoteli. Ikiinama inaonekana ina usingizi.

Siku ya sita, Jumamosi. Arua

Pakwach tulivuka Nile tukanunua angara, samaki mwenye miiba mingi kuliko nyama. Toka hapo kwenda Arua Kiswahili kinaanza kukutana nawe barabarani bila kutafutwa: kwa muuza mafuta, kwa fundi, kwa mama wa chai. Hakuna aliyeniita afande. Kwenye kibanda kimoja mzee aliniuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Nikamtajia ukoo wa Bombo, akataja wengine watatu, wawili marehemu, na chai ikalipwa.

Huku ndiko upande wa Koboko, upande wa Amin. Ulimwenguni yeye ndiye zimwi la Uganda, na mimi nimekwisha kuombwa nimcheze mara nisizozikumbuka. Mwongozaji hunitazama tu bega na rangi. Hukataa. Si kwa kumtetea: nimekwisha kueleza juu ya ule ukuta wenye matundu. Ila alipoanguka mwaka 1979, kwa watu wa huku kabila, jina au lafudhi tu vilitosha kumhukumu mtu, na maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Yeye ndiye aliyetangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na sidhani kuna adui aliyeweza kukiharibia jina zaidi ya hapo. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Tangu hapo sijaona mchezo Kampala ambamo bwana harusi anakisema.

John Middleton, mwanaanthropolojia aliyeishi na Walugbara mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kwamba kwa wazee wa wakati ule majirani wa karibu walikuwa watu wa kawaida, wa mbali kidogo walikuwa wachawi, na wa mbali kabisa walitembea kwa vichwa, miguu juu. Hata Wazungu walisemwa hivyo: wakiwa hawatazamwi hupinduka. Nilimsomea dereva kipande hicho. Akasema Kampala pia wanaamini hivyohivyo, ila wao wanatuhesabu kuanzia Karuma.

Tukabadilishana. Dada Prospero alikuwa amepoteza sauti kwa baridi ya Gulu, kwa hiyo haikuwa ushujaa. Mimi nikawa Prospero, kwa Kiswahili. Ariel akavaa barakoa ya lubugo awe Caliban, na kwa kuwa Kiswahili chake ni cha kuagizia chapati, tukakubaliana aseme Kiluganda.

Nimeshasema nilikuwa na hofu ya Prospero. Haikudumu dakika mbili. Niliamuru, nikasamehe, nikaeleza dhoruba ilivyopigwa, na watu wa Arua wakasikiliza kama wanavyomsikiliza shehe. Sikufoka hata mara moja. Halafu Ariel akaingia, akafungua kinywa, akasema kwa Kiluganda safi cha Mengo kwamba kisiwa hiki ni chake, alirithi kwa mama yake.

Wakacheka. Kicheko kile ninachokijua. Kilianza kabla hajamaliza sentensi, kikaenda mpaka nyuma, mtoto mmoja akaanza kumwigiza.

Hapo nilikuwa nimepanga kuingiza kitu. Mwaka 1969, mwaka uleule wa Nyerere na Shylock wake, na uleule ambao *Tufani* ya Mushi ilitoka Dar es Salaam, Aimé Césaire wa Martinique aliuandika upya mchezo huu kwa Kifaransa. Caliban wake anapoitwa na bwana, neno la kwanza kutamka ni "Uhuru!" Prospero hajui ni nini, anadhani ni mabaki ya lugha ya kishenzi. Mshairi wa Karibi alipotafuta neno la kumpa zimwi asimame nalo, alilipata kwetu. Nilimfundisha Ariel garini: ukishasema Kiluganda, malizia na hilo.

Alisahau. Au hakutaka. Alisimama katikati ya kicheko, barakoa ikiwa imeinama, na kwa mara ya kwanza haikuonekana ina usingizi.

Baada ya mchezo tulikaa nje ya nyumba ya wageni, angara wamepashwa moto, enyasa, ugali wa huku, kwenye sahani kubwa. Ariel aliweka barakoa mapajani.

"Kaka, walicheka nini? Sikuwa nimesema kitu bado."

Nilimsogezea samaki, nikamwambia achunge miiba. Dereva akauliza kesho Nebbi nani anacheza nani, apange nguo. Hakujibiwa. Akaenda kuangalia tairi.